Kutumika na Kutumiwa: Lugha katika Uongozi wa Timu za Wahandisi wa Programu Mjini Goma

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna timu ya wahandisi wa programu za kompyuta inavyoongozwa na kutiwa ari, pamoja na nafasi ya lugha katika kazi hiyo. Mfano tutakaouchunguza ni mji wa Goma katika jimbo la Kivu Kaskazini, kando ya Ziwa Kivu na mpaka wa Rwanda, ambako vijana wanaohitimu masomo ya kompyuta katika vyuo vya mji huo hufanya kazi kwa lugha tatu kwa wakati mmoja.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini suala la mafundi wa kompyuta lijadiliwe katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu ni kwamba programu huandikwa kwa lugha za kompyuta, lakini timu huongozwa kwa lugha ya watu. Kazi inapoharibika, mara nyingi sababu haipatikani katika mashine bali katika jambo ambalo mtu mmoja alilijua na hakulisema, au alilisema na halikueleweka. Hoja yetu kuu, basi, ni kwamba kiongozi huitia timu ari kwanza kwa kuiwezesha kusema ukweli wa kazi mapema, na kwamba mahali kama Goma uteuzi wa lugha ya mkutano ni sehemu ya uongozi wenyewe.

2. Sura ya kazi yenyewe

Kazi ya mhandisi wa programu haionekani kwa macho. Mwashi anapojenga ukuta, msimamizi hupita jioni akahesabu mistari ya mawe. Mhandisi wa programu anaweza kukaa mbele ya kompyuta siku tatu akitafuta kasoro moja, na mwisho akabadili mstari mmoja tu wa msimbo, yaani maagizo yanayoandikwa kwa ajili ya kompyuta. Asiyejua kazi hiyo atadhani kwamba siku tatu zimepotea. Kwa sababu hiyo kiongozi hawezi kutegemea macho yake. Hana budi kutegemea maneno ya wale anaowaongoza.

Jambo la pili ni kwamba kazi hii haigawanyiki kwa urahisi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Sababu yake ni rahisi kuihesabu. Watu watatu wakihitaji kuelewana wote, kuna njia 3 za mazungumzo kati yao. Wakiwa sita, njia huwa 15. Wakiwa kumi, huwa 45. Mgeni anapoingia, wenyeji huacha kazi ili wamfundishe, na kila neno lisiloeleweka hupita katika njia nyingi zaidi. Ni dhahiri, basi, kwamba gharama kubwa ya timu ya programu ni gharama ya mawasiliano. Wataalamu wa Marekani Tom DeMarco na Timothy Lister, katika kitabu chao cha mwaka 1987, walisisitiza jambo lilo hilo kwamba matatizo makubwa ya kazi hii ni ya kijamii kuliko ya kiufundi.

3. Ari hutoka wapi?

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, neno "motisha" limefungamana na malipo: posho, zawadi ya mwisho wa mwaka, au cheti cha mfanyakazi bora. Neno "ari" lina upeo mwingine. Ari ni msukumo wa ndani, nia ya mtu asiyekubali kazi yake imshinde. Tofauti hii ya maneno inalingana kwa kiasi kikubwa na matokeo ya uchunguzi wa Frederick Herzberg na wenzake, uliotolewa mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, Marekani. Herzberg aliona kwamba mambo yanayowaudhi watu kazini si kinyume tu cha yale yanayowafurahisha. Mshahara mbaya, kanuni zisizo na maana na usimamizi wa ukali huvunja moyo. Lakini mambo hayo yakirekebishwa, mtu huacha kunung'unika tu. Bado hajapata ari. Ari hutokana na kazi yenyewe, na kufanikisha jambo, kutambuliwa, na kukabidhiwa wajibu.

Mfano wa kwetu unathibitisha upande huo wa pili. Mwanzoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la kuweka kumbukumbu za matukio kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine walilitekeleza wazo hilo kwa siku chache, kwa kujitolea. Programu hiyo iliitwa Ushahidi. Mnamo Novemba 2008, majeshi ya Laurent Nkunda yalipokuwa yameusogelea mji wa Goma, programu hiyo hiyo iliwekwa tayari kupokea taarifa za mashariki ya Kongo. Hakuna mshahara uliowasukuma waanzilishi wale. Walijua wanachokifanya kina maana gani na kwa ajili ya nani. Hata jina lenyewe halikuhitaji tafsiri kati ya Nairobi na Goma.

Hata hivyo, tusikosee tukadhani kwamba maana hutosha bila malipo. Kujitolea kwa siku chache katika dharura si sawa na kufanya kazi mwaka mzima kwa ahadi. Kiongozi anayewaambia vijana "tunalijenga taifa" huku ujira wao ukichelewa miezi miwili anaitumia ari yao kufidia deni lake. Kwa kipimo cha Herzberg, shukrani na mshahara haviwezi kubadilishana nafasi.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo linalotuelekeza kwenye lugha. Mwaka 1996 Amy Edmondson wa Marekani alitoa uchunguzi kuhusu makosa ya utoaji wa dawa katika hospitali. Alitarajia kwamba timu zinazoongozwa vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: timu hizo ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo hazikukosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kuyasema makosa. Katika timu nyingine, makosa yalikuwapo lakini yamefichwa. Kwa kazi isiyoonekana kama ya programu, fundisho hili ni zito. Timu isiyoripoti kasoro yoyote si lazima iwe timu nzuri. Huenda ikawa ni timu yenye hofu.

4. Lugha tatu katika chumba kimoja

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Elimu ya chuo kikuu hutolewa kwa Kifaransa. Msimbo na maelezo ya zana za kompyuta, kwa upande wake, huwa kwa Kiingereza. Kiswahili, katika lahaja ya Kongo, ndicho lugha ya soko, ya basi, ya nyumbani na ya mizaha. Matokeo ni kwamba mhandisi wa Goma husoma kwa Kiingereza, huandika ripoti kwa Kifaransa, na hufikiri na kulalamika kwa Kiswahili.

Mgawanyo huu si wa ufundi tu, unabeba vyeo. Mkutano unapoendeshwa kwa Kifaransa, anayesema sana ni yule aliyesoma shule nzuri, si lazima yule anayeijua kasoro. Chukua mfano wa timu ya watu sita inayotengeneza programu ya kutunza akiba ya dawa kwa vituo vya afya. Kijana mdogo kuliko wote ameona kwamba tarehe za kuisha kwa dawa zinahesabiwa vibaya. Kulisema jambo hilo kwa Kifaransa, mbele ya mtu anayemwita "shefu", kunamtaka avuke vikwazo viwili pamoja: ugumu wa lugha na uzito wa kumkosoa mkubwa. Akinyamaza, hasara haitamfika yeye, itamfika mgonjwa. Akiruhusiwa kusema kwa Kiswahili chake cha mjini, kikwazo kimoja kimeondoka.

Hapa ndipo neno "kutumika" linapostahili kuchunguzwa. Katika Kiswahili cha Kongo, "kutumika" ni kufanya kazi. Mtu huulizwa "Unatumika wapi?" naye hujibu kwa kutaja ofisi yake bila kuona ubaya wowote. Msikilizaji wa pwani hushtuka, maana kwake kitu ndicho kinachotumika: kisu, ufunguo, gari. Lakini maana ya Kongo si ngeni kabisa katika lugha, kwa kuwa "mtumishi" na "utumishi" ni watoto wa mzizi huo huo wa "tuma". Lahaja hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zinamwekea kiongozi swali ambalo hana budi kulijibu kila siku: je, watu wake wanatumika kwa maana ya Goma, yaani wanafanya kazi, au wanatumiwa kama zana? Mhandisi anayepewa orodha ya kazi bila kuelezwa shabaha yake anatumiwa. Yule anayeelezwa tatizo la muuguzi wa kituo cha afya, kisha akaachiwa nafasi ya kupendekeza njia, anatumika kwa maana bora ya neno hilo.

Inafaa pia kuondoa dhana kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo haya. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Ili kufanikisha hilo, wanakompyuta na wanaisimu walilazimika kukubaliana kuhusu mamia ya istilahi. Si lazima timu ya Goma ichukue kila istilahi ya Dar es Salaam. La muhimu ni kuiga utaratibu, yaani kukaa pamoja, kukubaliana kwamba neno fulani litamaanisha jambo fulani, na kuliandika. Orodha ya maneno hamsini, yenye Kiswahili cha mjini, Kifaransa na Kiingereza sambamba, huokoa saa nyingi za kutoelewana.

Tunachopendekeza, basi, si kuvifukuza Kifaransa na Kiingereza. Mazungumzo ya asubuhi yafanywe kwa lugha ambayo kila mmoja huweza kusemea habari mbaya. Uamuzi uandikwe kwa lugha moja iliyokubaliwa, ili asiwepo wa kudai baadaye kwamba alielewa vingine. Mteja apewe ripoti kwa lugha anayoihitaji. Kwa njia hii kila lugha hupata kazi yake, na hakuna inayogeuka fimbo.

5. Kauli ya kutendeka na mapitio ya kazi

Timu za programu zina desturi ya mapitio: msimbo wa mtu mmoja husomwa na mwenzake kabla ya kuingizwa katika kazi ya pamoja. Mwaka 1971 Gerald Weinberg alishauri kwamba mwandishi wa programu asiihesabu kazi yake kuwa sehemu ya nafsi yake, ili akosolewe bila kuumia. Ushauri huo ni rahisi kuutaja na mgumu kuufuata, hasa katika jamii inayothamini heshima na kuepuka kumwaibisha mtu hadharani.

Kwa bahati nzuri, sarufi ya Kiswahili ina chombo kinachofaa. Linganisha sentensi hizi mbili: "Umeharibu programu" na "Programu imeharibika." Ya kwanza inamtaja mtenda na kumweka kizimbani. Ya pili, kwa kutumia kauli ya kutendeka yenye kiambishi -ik-, inakiweka kitu chenyewe kuwa kiima, na mtenda hatajwi kabisa. Kauli ya kutendwa, kama katika "programu imeharibiwa", bado inamwacha msikilizaji akiuliza "na nani?". Kauli ya kutendeka hailiamshi swali hilo. Inaelekeza macho ya wote kwenye hali ya kitu.

Kiongozi mwenye busara huanza mapitio kwa kauli hiyo. "Hesabu haikamiliki hapa." "Ukurasa huu haufunguki mtandao unapokatika." Aliyeandika hupata nafasi ya kujiunga na wenzake katika kulitazama tatizo, badala ya kujitetea. Lakini chombo hiki kina hatari yake pia. Kauli inayomficha mtenda inaweza kuficha na wajibu. Kila mwananchi anazijua ofisi ambamo fedha "zilipotea" na majalada "yalichelewa", wala hakuna aliyewahi kupoteza au kuchelewesha. Kwa hiyo mapitio hayapaswi kuishia kwenye kutendeka. Baada ya "imeharibika" lazima yafuate maswali mawili: "Ni nini kilichosababisha?" na "Nani atarekebisha, na lini?" Swali la kwanza hutafuta chanzo bila kumtafuta mkosaji, la pili hurudisha mtenda katika sentensi, safari hii kama mwenye kazi wala si kama mshtakiwa.

Hali kadhalika na sifa. Kasoro zikitajwa kwa kauli ya kutendeka, mafanikio yatajwe kwa jina la aliyeyatenda. Sifa ya jumla, kwamba "timu imefanya vizuri", haimfikii mtu. Kusema kwamba fulani amefanya orodha ya dawa ifunguke haraka kuliko jana kunamfikia, kwa kuwa kunaonyesha kwamba kazi yake isiyoonekana imeonekana.

6. Kuongoza katika mji wa dharura

Uongozi wa timu mjini Goma hauwezi kuelezwa bila kutaja mazingira yake. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waliamriwa kuondoka. Mamia ya maelfu walielekea Sake, Rwanda na kwingineko. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23 baada ya mapigano makali; umeme na intaneti vilikatika, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa.

Katika mazingira hayo, kutegemea mtu mmoja anayejua kila kitu si udhaifu wa mpango tu, ni kuihatarisha kazi yote. Kila sehemu ya programu inapaswa kujulikana na watu wasiopungua wawili. Zana za kufanya hivyo zipo. Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mwanatimu nakala kamili ya kazi pamoja na historia yake. Mtu huweza kuendelea na kazi bila intaneti, akaipeleka siku mtandao unaporudi. Lakini Git hutunza yale yaliyoandikwa tu. Sababu ya uamuzi fulani, ikiwa ilisemwa mdomoni na haikuandikwa, huondoka na aliyeisema.

Kugawana maarifa namna hii kunahitaji kuaminiana, kwa kuwa mtu mwenye hofu ya kufukuzwa huficha anachokijua ili asiweze kuachwa. Ndiyo maana kiongozi anatakiwa kuwa mkweli kuhusu fedha. Katika mwaka 2025, benki zilipofungwa na misaada ya kigeni kupungua, ujira wa wengi ulitegemea malipo kwa njia ya simu na wateja wasio na uhakika. Kiongozi asiyejua kama mwezi ujao utalipwa afadhali aseme hivyo. Habari mbaya iliyosemwa mapema huwaacha watu na nafasi ya kuamua. Iliyofichwa huwaondolea imani pamoja na mshahara. Zaidi ya hayo, ukweli wa kiongozi ndio unaomfundisha yule kijana wa tarehe za dawa kwamba ndani ya chumba hiki ukweli unasemeka.

Inafaa pia kazi ikatwe vipande vidogo. Mji ambao umeme na utulivu havina ahadi hauruhusu mpango wa miezi sita bila kitu cha kuonyesha. Kipande kinachokamilika kwa wiki moja, kikajaribiwa na mtumiaji halisi, huipa timu ushindi mdogo ambao dharura ya wiki inayofuata haiwezi kuufuta.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kazi ya programu haionekani na kwamba gharama yake kubwa ni mawasiliano. Kwamba ari haitokani na malipo, ingawa kukosa malipo huivunja. Na kwamba timu njema hujulikana kwa makosa inayothubutu kuyataja. Mjini Goma mambo hayo yote hupitia mlango wa lugha. Ni kazi ya kiongozi kuamua ni lugha ipi itakayotumiwa kusemea habari mbaya, na kuchagua kati ya "umeharibu" na "imeharibika" kabla ya kuuliza nani atarekebisha.

Vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta hufundisha lugha za mashine kwa bidii, na vile vinavyofundisha Kiswahili huchambua viambishi kwa bidii hiyo hiyo, lakini ni nadra wanafunzi wa pande hizi mbili kukaa darasa moja. Idara ya Kiswahili na idara ya kompyuta zingeweza kuanza na jambo dogo: kuandaa kwa pamoja orodha ya maneno ya mapitio ya kazi, kwa Kiswahili kinachosemwa Goma na kile kinachoandikwa Dar es Salaam. Wanafunzi wa idara ya kwanza wangegundua kwamba kauli ya kutendeka ina kazi ya kufanya nje ya mtihani, na wale wa idara ya pili wangejua namna ya kumwambia mkubwa, bila kumvunjia heshima, kwamba hesabu ya tarehe za dawa haikamiliki.